Taa mbili za Sabato: Wayahudi na maradhi ya nafsi (uzi mrefu, naomba uvumilivu)

pwani_ya_pangani

Wanajamvi, salaam kwenu. Miaka mingi nimekuwa msomaji tu humu, leo naomba nafasi ya kusema.

Mimi ni mwenyeji wa Pangani. Kazi yangu ni kulea wazee huku London, mtaa wa Golders Green, ambako wanaishi Wayahudi wengi washika dini. Mwaka wa tisa huu nawahudumia. Nimewalisha, nimewafunga vifungo vya shati, wawili wamefia mikononi mwangu. Mimi ni Mwislamu na nitabaki hivyo, siji kubadili dini ya mtu. Ila kuna jambo nimelikuta kwa watu hawa ambalo natamani ningelijua nilipokuwa nyumbani, nilipokuwa nasikia mtu wa sonona akiambiwa imani yake ndogo.

Nianze na usiku mmoja wa Ijumaa. Mzee niliyekuwa nikimlea, mwalimu mstaafu, hakupata usingizi. Taa ya chumbani ilikuwa imeachwa inawaka tangu kabla ya magharibi, maana Sabato ikishaingia wao hawawashi wala hawazimi moto, na umeme nao wanauweka humo humo. Nikamwambia, mzee, huzimi taa ukalala, Mungu hajui kwamba umechoka? Akatabasamu, akasema hilo swali limeulizwa zamani sana. Taa nikaizima mwenyewe. Asubuhi akanifungulia Mishna, mkusanyiko wa sheria uliopangwa karibu mwaka 200, akanisomea mstari kwa mstari.

Imeandikwa hivi: anayezima taa usiku wa Sabato kwa kuogopa watu wa mataifa, au kwa kuogopa wanyang'anyi, au kwa ajili ya roho mbaya, au ili mgonjwa apate kulala, hana hatia.

Hapo kwenye "roho mbaya" nikamsimamisha. Kwetu mwenye roho mbaya ni hasidi. Akasema hapana, na akanipeleka kwa Rambam, yule ambaye Waarabu wanamwita Musa bin Maimuni. Huyu alizaliwa Córdoba mwaka 1138, akafa mwaka 1204 Misri, alikokuwa ameishi Fustat, Kairo ya kale. Alikuwa mwanasheria wa dini na tabibu kwa pamoja, aliyetibu hadi watu wa nyumba ya Sultani Salahudin. Katika ufafanuzi wake wa Mishna, alioandika kwa Kiarabu, anasema roho mbaya hapo ni aina zote za melankolia, huzuni nzito inayomgeuza mtu. Na anaongeza kwamba wako wagonjwa wa aina hiyo ambao wakiona mwanga au wakikaa kati ya watu wanataabika, na raha yao wanaipata gizani, peke yao, mahali pasipo mtu.

Kwa hiyo taa inazimwa. Sabato, ambayo kwao ni kitu kikubwa mno, inampisha mtu ambaye mwanga unamuumiza nafsi. Hakuna anayemwambia fungua dirisha, jikaze, wenzio wana shida kuliko wewe.

Kisha mzee akanionyesha taa ya pili. Hii imo kwenye Talmudi, ambayo ni mjadala mrefu juu ya Mishna. Mwanamke akishikwa na uchungu wa uzazi siku ya Sabato, anawashiwa taa. Marabi, walimu wa dini yao, wakauliza, hilo nalo la kusema? Si uzazi ni hatari, na hatari inaondoa Sabato? Jibu likaja kwamba sheria imekusudia hata mwanamke kipofu. Taa atawashiwa. Haioni, lakini moyo wake unatulia, maana anajiambia kwamba likitokea lolote mwenzangu ataliona na atanisaidia. Utulivu wa akili wa mzazi umehesabiwa kuwa sehemu ya kuokoa maisha.

Nilikaa na hizo taa mbili wiki nzima. Moja inazimwa kwa mtu anayekimbia mwanga, nyingine inawashwa kwa mtu asiyeuona. Sheria moja, siku moja. Wanachotazama ni mgonjwa, nini kinamtuliza yeye.

Na huyo Rambam, wapendwa, hakuwa akizungumza habari za watu wa mbali. Alikuwa na mdogo wake anaitwa David, mfanyabiashara wa vito, ndiye aliyekuwa akitafuta riziki ili kaka yake asome. David alizama kwenye Bahari ya Hindi, bahari yetu hii, akiwa safarini kwenda kufanya biashara, na mali ya watu wengi ikazama naye, akaacha mjane na binti mdogo. Ipo barua Rambam aliyoiandika miaka minane baadaye. Anasema alipopata habari alianguka kitandani karibu mwaka mzima, homa na moyo uliovurugika, akakaribia kufa. Anasema mpaka leo anaomboleza, na kila akiona mwandiko wa ndugu yake moyo unampinduka na msiba unaamka upya. Tabibu huyo. Mwanachuoni ambaye Wayahudi wanamsoma kila siku. Na huzuni yake aliiandika, hakuificha.

Mimi nimezaliwa ufukweni, watu wa kwetu wanapotelea baharini. Niliposoma barua ile nilitoka nje.

Naishia hapa kwanza, mwenye la kusema aseme.

---

Ngosha_wa_Ziwa

Uzi mzuri dada, ila mimi nina shaka. Biblia inasema roho mbaya na ilimaanisha roho mbaya. Mfalme Sauli alisumbuliwa na roho mbaya kutoka kwa Bwana. Huyo Rambam ni msomi wa tiba ya Kigiriki, ameingiza elimu yake kwenye maandiko. Ukisema kila pepo ni ugonjwa, unabakisha nini cha dini?

---

pwani_ya_pangani

Kaka Ngosha, hoja yako si ngeni hata kwao. Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, anafuata njia tofauti na Rambam kwenye mambo mengi ya namna hii, na Talmudi yenyewe inataja mashetani waziwazi. Sitaki kukuuzia kwamba wote walifikiri kama daktari wa leo.

Lakini tazama kinachofanyika. Uite pepo, uite melankolia, hukumu ni ile ile: taa izimwe, mtu apumzike. Na huyo Sauli uliyemtaja, watumishi wake walifanya nini? Walimtafutia mpiga kinubi. Daudi alikuwa akipiga, Sauli anapata nafuu. Sijasoma mahali kwamba walimfunga kamba wakamkemea.

---

mwalimu_wa_jumapili

Mimi ni Mkristo, nafundisha shule ya Jumapili huku Mbeya, na huu uzi umenichoma. Naomba niongeze la Eliya maana nimelifundisha miaka mingi bila kuliona.

1 Wafalme 19. Nabii ametoka kushinda pale Karmeli, watu wote wameona. Kisha anakimbia, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu, anaomba afe. "Yatosha," anasema. Analala. Sasa angalieni malaika anavyokuja. Anamgusa. Anamwambia inuka ule. Kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, ANALALA TENA. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kile kile na kusema safari ni kubwa kwako. Hakuna swali la kwa nini umekata tamaa wakati juzi tu umeshusha moto. Maswali ya Mungu yanakuja baadaye sana, baada ya usingizi mara mbili, milo miwili na siku arobaini za njia.

Mimi ningemwombea kwa sauti kubwa. Nawaza watu niliowafanyia hivyo.

Dada, nina swali ambalo ni zito kwangu. Kwetu kijana wa kwaya alijitoa uhai miaka michache nyuma. Viongozi walikataa kumzika kwa ibada, kengele haikupigwa, mama yake alikaa nje ya uzio. Hawa wenzetu wanasemaje?

---

pwani_ya_pangani

Pole sana mwalimu, na pole kwa mama yule. Ngoja nijibu kwa utulivu.

Sheria yao kwa maneno makavu ni kali. Aliyejitoa uhai kwa kujua na kukusudia, hafanyiwi baadhi ya heshima za maombolezo. Lakini marabi walilichukua hilo neno "kwa kujua" wakalibana mpaka likawa halimwenei karibu mtu yeyote.

Iko traktati ndogo, yaani kitabu kidogo cha sheria, inayoshughulika na maombolezo tu. Imesimulia watoto wawili. Mmoja wa mji wa Lod, alitoroka shule, baba yake akamwashiria sikio, yaani nitakushughulikia. Mtoto akaingiwa na hofu, akaenda akajiua. Wa pili alikuwa mji wa Bnei Brak, alivunja chupa, baba akamwashiria sikio vile vile, na yakatokea yale yale. Kesi ya kwanza akaulizwa Rabi Tarfon, ya pili Rabi Akiva. Hawa ni nguzo za kizazi chao. Wote wawili wakajibu: asinyimwe chochote katika heshima za maiti. Chochote.

Kisha marabi wakageuka kutoka kwa marehemu wakawatazama walio hai. Wakasema kuanzia hapo mtu asimtishie mtoto kwa kumwonyesha sikio. Ama amwadhibu pale pale yaishe, ama anyamaze kabisa. Hofu inayoning'inia, mtoto asiyejua kitakachompata jioni, hiyo waliiona kuwa ndiyo inayoua. Mwalimu, hii imesemwa karibu miaka elfu mbili iliyopita, na mimi nimekulia katika "ngoja baba yako arudi".

Karne zilivyokwenda waamuzi wakazidi kulegeza. Rabi Yechiel Michel Epstein, aliyefariki mwaka 1908, aliandika kwamba tunatafuta sababu yoyote ile, iwe woga, uchungu au akili kuchafuka, ili tuseme mtu huyu hakuwa na hiari yake. Leo familia nyingi za Kiyahudi zenye msiba kama huo zinazika na kukaa matanga kama wengine.

Mama yule, kama bado yupo, kuna mtu amekwenda kukaa naye?

---

mwalimu_wa_jumapili

Yupo. Sijawahi kwenda. Nitakwenda.

---

binti_kisauni

Assalaam aleikum dada Pangani. Mie nauliza lililo dogo. Kwetu Mombasa kuna wasiwasi wa udhu. Shangazi yangu hutawadha mara kumi, akishasali hurudia, ati nia haikukaa sawa. Analia kabisa. Masheikh humwambia ni shetani mpuuze, nae asema nimpuuze vipi nae yuko kichwani mwangu. Je Mayahudi pia wanayo haya?

---

pwani_ya_pangani

Waaleikum salaam mwanangu. Wanayo, tena kwa wingi, maana dini yao ina utondoti kama yetu. Mtu anarudia neno moja la sala yao ya Shema kwa kuogopa kwamba hakulitamka vizuri. Ananawa mikono kabla ya mkate mpaka ngozi inatoka. Mwanamke anahesabu siku zake za twahara baada ya hedhi na haiamini hesabu yake. Madaktari wanauita ugonjwa wa fikra zinazojirudia, na una tiba.

Alikuwapo Rabi mmoja wa Bnei Brak, Yaakov Yisrael Kanievsky, aliyefariki mwaka 1985. Mtu mkali mno kwa nafsi yake katika sheria. Watu wenye wasiwasi walikuwa wakimwandikia barua kutoka kila upande, na ushauri wake kwao ulikuwa wa kuwazuia: usirudie. Umesoma mara moja, imetosha. Ingawa una hakika moyoni kwamba umekosea, usirudie. Yaani kwa mgonjwa huyu, ukali wa dini unageuka, na wajibu wake unakuwa kuacha.

Kuna tofauti ndogo lakini kubwa na "mpuuze shetani". Shangazi akiambiwa mpuuze, anabaki na kazi ya kupambana na wazo. Akiambiwa na mtu anayemheshimu kwamba sala yako imekubaliwa kisheria, ukirudia ndiyo unakosea, amepewa kitu cha kushika. Mtafutieni sheikh wa namna hiyo na daktari wa akili, wote wawili, na ikiwezekana wazungumze wenyewe kwa wenyewe. Fiqhi yetu nayo ina mlango huo, yakini haiondolewi na shaka.

---

binti_kisauni

Allah akulipe. Hilo la yakini na shaka nimelisoma madrasa, sikuwahi kulitia kwa shangazi.

---

nesi_wa_zamu

Niko wodi ya afya ya akili, Dodoma. Nasoma uzi huu kwenye mapumziko ya usiku. Shida yangu kubwa kazini ni dawa. Mgonjwa yuko vizuri miezi sita, anakwenda kwenye mfungo wa siku ishirini na moja, anaacha dozi, analetwa amefungwa kamba nyuma ya bodaboda. Au Ramadhani. Au anaambiwa ukinywa dawa humwamini Mungu. Hao Wayahudi wako wanakula dawa siku ya kufunga?

Na pili dada, usituonyeshe upande mzuri tu. Sijaona jamii isiyoficha mgonjwa wa akili.

---

pwani_ya_pangani

Nesi, asante kwa kazi unayoifanya usiku huu.

La dawa. Mfungo wao mkubwa ni Siku ya Upatanisho, masaa yapata ishirini na tano bila tone la maji. Talmudi inajadili mgonjwa siku hiyo. Daktari akisema lazima ale, mgonjwa akasema sihitaji, anasikilizwa daktari. Mgonjwa akisema nahitaji, daktari akasema hahitaji, anasikilizwa mgonjwa, na dalili yake ni Mithali: "Moyo hujua uchungu wa nafsi yake." Mimi mwenyewe nimesimama na glasi ya maji na vidonge siku hiyo, mtoto wa mzee amempigia rabi wao simu siku moja kabla, na jibu lilikuwa fupi: dozi haiachwi. Mzee mmoja alilia kwa kuvunja mfungo. Rabi alimwambia kwamba kumeza kidonge kile ndiyo ibada yake ya siku. Sisi nasi tuna aya wazi ya mgonjwa kuruhusiwa kula Ramadhani, na bado watu wanaona haya.

La pili una haki, na nimekosa kutolisema mapema. Wanaficha. Mahali hasa ni kwenye posa. Katika familia za washika dini sana, ndoa zinapangwa kwa kuulizana habari za ukoo, na dada mwenye ugonjwa wa akili anaweza kuharibu posa za ndugu zake wote. Nimeona vidonge vikihamishiwa kwenye chupa ya vitamini kabla wageni hawajaingia. Nimeona binti wa miaka ishirini na mbili analelewa chumba cha juu, wageni wanaambiwa yuko Israeli anasoma. Maandiko yao yanazima taa kwa ajili ya mgonjwa, na nyumba hiyo imefunga mlango ili asionekane. Giza la aina mbili hayo.

Ndiyo maana namheshimu mtu kama Abraham Twerski. Alizaliwa Milwaukee mwaka 1930, ukoo wa marabi wa Kihasidi (kundi la Wayahudi washika dini, si hasidi yetu ya husuda), ndevu na kanzu nyeusi kama wenzake. Alikuwa rabi, akaona kwamba watu wanaokuja na matatizo mazito wanahitaji zaidi ya alichonacho, akaenda kusoma udaktari na kuwa daktari wa akili. Mwaka 1972 alianzisha huko Pittsburgh kituo cha kutibu walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Akaandika vitabu zaidi ya sitini akiwaambia watu wake kwamba ulevi upo majumbani kwao, kwamba mtu kujidharau ni ugonjwa. Kwa kuwa alikuwa na vazi lao na ndevu zao, hawakuweza kusema haya ni mambo ya wazungu. Alifariki Jerusalem Januari 2021, na aliacha wosia kwamba asisomewe sifa kaburini. Aliomba waimbe wimbo alioutungia sauti yeye mwenyewe, wa maneno ya zaburi, na waliuimba wakimsindikiza.

Nesi, tunahitaji mtu wa kanzu na mtu wa kola anayeweza kusema hivyo kwetu.

---

Ngosha_wa_Ziwa

Nimefuatilia kimya. Hapo kwenye maji na vidonge nimekubali. Lakini niliwahi kuona video ya Wahasidi wanacheza barabarani, wanasema ni amri kuwa na furaha wakati wote. Hiyo nayo si ndiyo ile ile ya "jikaze"?

---

pwani_ya_pangani

Hao ni wafuasi wa Rabi Nachman wa Breslov, kaka. Maneno ni yake kweli, kwamba ni amri kubwa mtu awe na furaha daima. Ila mjue msemaji. Alizaliwa mwaka 1772, akafa mwaka 1810 kwa kifua kikuu, miaka thelathini na minane. Alimzika mwanawe mchanga, mwaka uliofuata akamzika mkewe. Alikuwa mtu wa kuzama na kuibuka, kuzama na kuibuka. Mtu huyu akisema furaha anasema kama mgonjwa anayetaja dawa.

Na alifundisha kwamba kila siku mtu atenge saa moja, aende peke yake, ikiwezekana porini, amweleze Mungu yaliyomo moyoni kwa lugha ya nyumbani, avunjike huko. Saa moja ya kuvunjika ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ana na neno linaloimbwa kila mahali, kwamba dunia nzima ni daraja jembamba sana na jambo kuu ni kutoogopa kabisa. Mzee wangu aliniambia kwamba katika maandishi ya mwanzo kitenzi kiko hivi: asijitie hofu. Hofu itakuja, daraja ni jembamba kweli. Wewe usiiongezee.

---

kimya_kingi

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Dada yangu alifiwa na mtoto mwezi wa tatu. Tangu hapo yuko chumbani, pazia limefungwa, haogi, anakula akilazimishwa. Mume ameondoka. Wamekuja akina mama wa kanisani mara nne, wakaimba, wakamwambia Mungu amempenda zaidi mtoto. Mara ya mwisho aligeukia ukutani. Mimi ni mdogo wake wa kiume, sijui hata nimwambie nini. Nasimama mlangoni naondoka.

---

pwani_ya_pangani

Mdogo wangu, pole. Nimeacha chai yangu hapa ili nikujibu.

Nikuambie habari ya Rabi Yohanan, wa Talmudi. Alizika watoto kumi. Alikuwa akitembea na mfupa mdogo wa yule wa kumi, anawaonyesha waliofiwa. Siku moja mwanafunzi wake aliugua, akaenda kumwona, akamuuliza: mateso haya unayapenda? Akajibu: siyataki, wala thawabu zake. Hakukemewa. Yohanan akasema nipe mkono, akampa, akamwinua. Baadaye Yohanan mwenyewe akaugua. Akaja rabi mwingine, swali lile lile, na yeye, mwinua wengine, akajibu vile vile: siyataki, wala thawabu zake. Akapewa mkono. Talmudi inauliza, mbona asijiinue mwenyewe? Inajibu: mfungwa hajitoi gerezani.

Mara ya tatu alikwenda kwa Rabi Elazar, akamkuta amelala kwenye chumba cha giza. Amegeuka analia. Yohanan akabahatisha, unalia kwa sababu hukusoma vya kutosha? kwa sababu ya umaskini? kwa sababu ya watoto? Akaonyesha mfupa. Siyo. Elazar akasema nalia kwa ajili ya uzuri wako huu utakaooza ardhini. Yohanan akasema, kwa hilo hakika una haki ya kulia. Wakalia wote wawili. Baada ya kulia ndipo akaomba mkono.

Mwalimu mkubwa kiasi hicho na alikosea mara tatu kabla ya kunyamaza na kulia. Akina mama wa kanisani hawana ubaya, wamekwama kwenye kubahatisha.

Sasa mambo ya matanga yao. Anayekwenda kuhani haanzi kusema. Ni sheria, wameichukua kwa marafiki wa Ayubu, waliokaa chini naye siku saba, mchana na usiku, bila neno, kabla hawajaanza kuharibu kwa mdomo. Mlango wa mfiwa hauna kubisha, unaingia, unakaa. Yeye yuko kwenye kiti kifupi. Akisema, unasema. Asiposema, hamsemi. Mlo wa kwanza hapikiwi nyumbani kwake, unaletwa na majirani, mayai au dengu. Wanasema dengu haina mdomo, na mfiwa hana mdomo.

Mama yangu alipofariki Pangani sikuweza kusafiri, karatasi zangu zilikuwa bado kwa serikali. Nilikuwa kwenye chumba changu cha juu. Simu kutoka nyumbani zilikuwa nyingi, na kila mmoja alinihimiza nisilie, nimwombee. Yule bibi, mjane wa mzee wangu, miaka themanini na tatu, ana magoti mabovu, alipanda ngazi zile. Ameshika sahani, mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha mkate. Akaiweka kitandani. Akakaa kwenye kigoda ninachowekea nguo. Hakusema kitu kwa muda ambao sikuuhesabu. Mwisho mimi ndiye niliyesema, nikasema alikuwa anauza maandazi pale kivukoni. Akasema, endelea. Nikaongea mpaka magharibi.

Kuna kisa kinasimuliwa kwa jina la Rabi Nachman, cha mtoto wa mfalme aliyejiona ni bata mzinga, akavua nguo, akakaa chini ya meza anadonoa makombo. Waganga wote walishindwa. Akaja mwenye hekima mmoja, akavua nguo, akaingia chini ya meza, akadonoa naye. Wewe nani? Mimi bata mzinga. Siku nyingi baadaye akasema, bata mzinga anaweza kuvaa shati pia. Kisha suruali. Kisha kula mezani.

Kwa hiyo usisimame mlangoni. Ingia, kaa chini sakafuni. Pazia usiliguse. Usimtaje Mungu kama yeye hajamtaja. Peleka uji, uweke, usimtazame akila.

Na hili nalisema kwa uzito: miezi hii mingi bila kuoga wala kula ni zaidi ya msiba, inahitaji mtaalamu. Ukikaa naye, ukipata nafasi, muulize waziwazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumpi wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Nesi yupo humu, mwandikie inbox.

---

nesi_wa_zamu

Nipo. Kimya, hospitali ya mkoa wako itakuwa na kliniki ya afya ya akili, niambie mkoa nikuelekeze siku zake. Usiogope gharama kwanza, tuongee.

---

kimya_kingi

Nimerudi baada ya siku sita.

Siku ya kwanza nilikaa sakafuni kama saa mbili. Hakugeuka. Siku ya pili vile vile, uji aliacha. Siku ya tatu nilikuta kikombe kitupu. Jana niliuliza lile swali, sauti ilinitetemeka. Alinyamaza, kisha akasema alikuwa anawaza hivyo kabla sijaanza kuja, usiku. Nililala kwenye mkeka pale pale chumbani kwake, mama alilala mlangoni. Leo asubuhi tumekwenda kliniki, nesi alikuwa ameshaongea na mwenzake wa huku. Wamempa dawa na tarehe ya kurudi wiki ijayo.

Kwenye daladala alinitajia jina la mtoto. Hakuna aliyekuwa amelitaja nyumbani tangu mazishi. Alisema alikuwa ameanza kusema "taa" akiona kibatari.

Pazia bado limefungwa. Nimeliacha.